Mnamsusia Tajiri, na Kamari Mmeivaa Kifuani

  

Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuta vijana wamesimama nje ya msikiti wetu hapa Umwe, sauti zimepanda hata wazee wakageuka kutazama. Nilidhani kuna ugomvi wa mpaka wa shamba, maana ulikuwa msimu wa ufuta. Kumbe hoja ilikuwa Simba. Kundi moja linasema: tususie. Tusinunue jezi, tusiende uwanjani, tusilipe kiingilio cha banda, mpaka tajiri aondoke au atoe fedha. Kundi la pili linasema: mkimfukuza tajiri mtarudi kutembeza bakuli kama walivyotembeza wenzenu wa Jangwani. Waliponiona wakanyamaza kidogo kwa heshima, kisha mmoja wao akaniuliza, "Ustadh, kususia klabu kunafaa katika dini?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimtazama kifua chake, na kijana mwenyewe hakujua natazama nini. Jibu langu ni hili ninaloliandika leo, na nawaomba walioshika upande wa kwanza na walioshika upande wa pili wanistahimilie, kwani sitamridhisha yeyote kati yao.

Na kabla sijaendelea, niseme lililo wazi kwa jirani zangu: mimi mwenyewe ni mpenzi wa Simba tangu utotoni. Najua wapo masheikh watakaosema kwamba mpira ni upuuzi mtupu na kwamba ukurasa huu ungejazwa na jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na alipigana mieleka na Rukana. Michezo haikuwa haramu kwa kuwa ni michezo. Iliyo haramu tutafika kwake.

Kwanza tuulize swali ambalo katika kelele zote za usiku ule hakuna aliyeliuliza: mwenye klabu ni nani? Mtu hawezi kumsusia mwenye mali bila ya kumjua mwenye mali.

Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Simba iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Kwa miaka hiyo yote klabu hizi mbili zilikuwa mali ya wanachama wake, na walikuja wafadhili wakaondoka wakaja wengine. Waliokuwa watu wazima mwaka 1993 wanakumbuka jina la Azim Dewji wakati Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF ikafungwa nyumbani na Stella ya Abidjan. Wa Jangwani wanamkumbuka Yusuf Manji, aliyefariki dunia mwaka 2024. Mwaka 2016 mkutano wa wanachama wa Yanga uliridhia klabu ikodishwe kwake kwa miaka 10. Jambo hilo halikutimia, na mwaka 2017 akajiuzulu. Hapo ndipo lilipozuka lile bakuli, mashabiki wakichangishana ili wachezaji walipwe. Vijana wa Simba walicheka sana siku zile. Mimi pia nilicheka, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mfadhili hutoa akitaka na huacha akitaka. Kwa hiyo Simba ikaamua kuingia katika njia nyingine. Mwezi Desemba mwaka 2017 wanachama waliridhia mageuzi, na Mohammed Dewji akatangazwa kuwa mwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Kanuni za Serikali zikataka asilimia 51 zibaki kwa wanachama na mwekezaji asizidi asilimia 49. Yanga nayo ilipitisha katiba ya namna hiyo mwaka 2021, na mwaka 2022 ikamchagua kuwa rais Hersi Said, aliyetoka katika kampuni ya GSM iliyokuwa ikiifadhili klabu.

Basi tazama hesabu hiyo, ndugu msomaji. Asilimia 51 ni zaidi ya nusu. Katika fiqhi ya sharika tulisoma kwamba mshirika ana haki ya kujua mtaji umeingia lini, umekaa wapi na umetumika katika nini, na kwamba mshirika anayeisimamia mali ya wenzake ni mwenye amana. Wanachama wa Simba wana haki ya kuuliza juu ya bilioni 20 asubuhi na jioni, na kuuliza huko si utovu wa shukrani wala si hasadi. Anayesema "nyamazeni, tajiri atakasirika" amegeuza ushirika kuwa utumwa. Mwezi Januari mwaka 2020, baada ya kufungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Dewji alitangaza kuachia uenyekiti wa bodi, kisha akabaki. Mwaka 2021 akauachia kweli. Mwezi Juni mwaka 2024 akaurudia. Mara zote hizo mashabiki nchi nzima walikuwa kama watoto wanaomsubiri baba mlangoni. Je, wenye asilimia 51 walikuwa wapi? Ni lini mlisikia wanachama wameketi, wakajadili, wakasema kwa sauti moja: tunataka hili na hatutaki lile?

Nakwenda mbali zaidi. Katika wale vijana waliokuwa wakipiga kelele za kususia, niliwauliza siku ya pili yake ni wangapi wana kadi ya uanachama iliyolipiwa ada. Mmoja tu. Wengine wote ni wapenzi. Mpenzi hana kura, hana hisa, hana mkutano. Akisusia hakuna daftari linalopungua jina.

Kisha tukahesabu wanachokitoa. Kutoka Umwe hadi Temeke, uliko Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni barabara ya Kilwa moja kwa moja, ileile ambayo ukielekea kusini unavuka daraja lenye jina lilelile la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Lakini uwanjani vijana wetu huenda mara moja kwa mwaka wakijaaliwa. Kiingilio cha banda umiza humfikia mwenye banda. Jezi nyingi zinazouzwa katika soko letu ni za bandia, wala klabu haipati senti. Aliyeivaa amekwisha kuisusia klabu miaka mingi bila ya kujua! Basi mnamtisha tajiri kwa kumnyima nini?

Hapa ndipo nilipoona kwamba kipo kitu kimoja ambacho Umwe inakitoa kila siku, tena fedha taslimu, tena kwa wingi, na hakuna aliyekitaja katika kundi la kwanza wala la pili. Ni mkeka.

Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga kwa pamoja. Mwaka 2022 Simba ikatangaza mkataba wa miaka mitano na M-Bet wa shilingi bilioni 26.1, na Yanga ikatangaza wake na SportPesa wa miaka mitatu wa bilioni 12.3. Bilioni 26.1 ni zaidi ya zile bilioni 20 za mwekezaji ambazo watu wamezigombania tangu mwaka 2017. Kwa hiyo nauliza, na nataka anijibu mwenye akili zake: bilioni hizo zimetoka wapi? Kampuni ya kamari hailimi mpunga, haivui kambamba wala haibangui korosho. Haina zao lolote isipokuwa hasara ya wanaocheza. Zimetoka katika shilingi mia tano na elfu moja za vijana waliokaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria. Zimetoka katika mia tano za Umwe, za Kibiti, za Nyamisati na za Utete. Hao ndio wafadhili wakubwa wa klabu hizi. Wao ndio waliolipa mishahara ya wachezaji wa kigeni. Na katika zile asilimia mia moja za hisa, wao wana ngapi?

Baba mmoja katika mtaa wetu, ambaye mafuriko ya mwaka 2024 yaliufunika mpunga wake kama yalivyofunika wa wengi katika bonde hili, aliuza ufuta msimu uliofuata na kumkabidhi mwanawe fedha apeleke kwa fundi ili nyumba iezekwe. Fedha hazikufika kwa fundi. Kijana hakuzila wala hakuzinywa. Aliziweka katika mkeka wa timu kumi na mbili, na kumi na moja zikashinda. Alinisimulia mwenyewe huku akilia, na nilichokishangaa ni kwamba hata katika kilio kile alikuwa akiitukana ile timu ya kumi na mbili. Kijana huyu ndiye yule aliyeniuliza usiku ule kama kususia kunafaa katika dini. Na jezi aliyoivaa ilikuwa na jina la kamari, kubwa kuliko nembo ya Simba yenyewe.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ameitaja kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, akaiita uchafu katika kazi za shetani, na akabainisha kwamba kwa hiyo shetani hutia uadui baina ya watu na kuwazuia na sala. Hilo halina ikhtilafu. Sheria ya nchi ya mwaka 2003 inaiita michezo ya kubahatisha, na matangazo yanaiita burudani. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya juu ya watu watakaokunywa pombe kwa kuipa jina jingine. Jina jipya halibadilishi hukumu.

Sasa nirudi kwa swali la kususia, kwani sikusahau.

Kususia kuna asili katika sira, na kuna adabu zake. Thumama bin Uthal, bwana wa Yamama, aliposilimu aliwakatia Maquraishi ngano hata wakapata dhiki. Walipomwandikia Mtume (S.A.W.) wakimsihi kwa ajili ya udugu, aliamuru waachiliwe chakula. Tunaona kwamba kususia ni silaha halali, lakini ina lengo na ina kikomo. Anayesusia kwa kuwa timu imefungwa na Yanga, kisha akarudi timu ikishinda mechi mbili, huyo hakususia, amenuna.

Kisa kilicho karibu zaidi na letu ni kisima cha Ruma. Wamesimulia wanachuoni wa sira kwamba kisima kile pale Madina kilikuwa cha mtu mmoja aliyewauzia Waislamu maji. Sayyidna Uthman (R.A.) akanunua nusu yake kwa dirham 12,000, wakakubaliana kila mmoja awe na siku yake. Siku ya Uthman maji yalikuwa bure, watu wakateka ya siku mbili, na siku ya mwenziwe hakuna aliyefika kisimani. Mwishowe mwenye kisima akauza nusu iliyobaki. Hawakupiga kelele wala hawakumtukana. Walikuwa na hisa, wakaitumia hisa yao, na walikuwa na umoja wa kutokwenda siku moja. Hicho ndicho mlichokikosa nyinyi: hisa mnayo kwa jina tu, na umoja mnaukumbuka mkifungwa.

Waingereza walioanzisha mpira huu tunaougombania nao wana visa vyao. Mwaka 2005, familia ya Glazer kutoka Marekani ilipoinunua Manchester United kwa fedha za mkopo, baadhi ya mashabiki waliondoka wakaanzisha klabu yao wenyewe, FC United of Manchester, ambayo kila mwanachama ana kura moja. Wale wa Blackpool walisusia uwanja wao kwa miaka kadhaa, watu waliozaliwa na klabu ile wakakaa nje ya lango siku ya mechi, mpaka mwaka 2019 mahakama ilipoiondoa klabu mikononi mwa familia ya Oyston. Natahadharisha hapa: kususia peke yake hakukumtoa mwenye klabu, kesi ya mshirika mwenziwe aliyedai haki yake ndiyo iliyomtoa. Lakini mashabiki walijua wanachotaka, na hawakurudi kwa ushindi wa Jumamosi moja.

Na hapa kwetu, msidhani jambo hili ni geni. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka, na waliotoka wakaunda Pan African. Walichukua kadi zao na miguu yao wakaenda. Sisifu mfarakano, nasema tu kwamba wazee wetu walipokataa walikataa kweli.

Watakaonipinga watasema: "Ustadh, klabu haiwezi kulikataa jina la mdhamini, fedha ni ngumu." Hoja hii ni ya uongo, na waliotuonyesha uongo wake ni Simba wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu lilitangaza kwamba GSM ni mdhamini mwenza wa Ligi Kuu. Simba ikakataa kuivaa nembo hiyo, kwa kuwa GSM ni mfadhili wa mtani wake. Ikashikilia hapohapo, na mwezi Februari mwaka 2022 GSM ikajitoa katika udhamini wa ligi. Kumbe kukataa kunawezekana! Kumbe kifua cha mchezaji kina heshima yake, na lipo jina ambalo Simba haiwezi kulibeba hata kwa fedha! Nembo ya kampuni ya biashara ya halali ilikataliwa kwa sababu ya utani wa jadi. Jina la kamari likapokelewa kwa sherehe mbele ya kamera. Na mashabiki waliopiga makofi siku ile ya kukataa, wakapiga makofi siku ile ya kupokea.

Zaidi ya hayo, katika mashindano ya Afrika klabu zetu zimekwisha kucheza bila ya majina hayo. Simba ilivaa "Visit Tanzania" msimu wa 2020/21, na Yanga ilivaa Haier mwaka 2023, mwaka iliofika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuikosa kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger. Hawakukonda. Hata klabu za Ligi Kuu ya Uingereza, ambako kamari haikatazwi na dini wala sheria, zilikubaliana mwezi Aprili mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kamari mbele ya jezi za mechi baada ya msimu wa 2025/26. Na aliyetegemea fedha hizi atazame kwa majirani zetu: SportPesa ilipojitoa Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kubwa kuliko zote za nchi ile, zikabaki zikitafuta nauli.

Wapo pia watakaosema kwamba jezi ni nguo tu. Frédéric Kanouté, Mwislamu kutoka Mali, mwaka 2006 alikataa kuivaa jezi ya Sevilla yenye jina la kampuni ya kamari, na klabu ikampa isiyo na jina. Baadaye aliivaa kwa masharti ya mkataba, na sitaki kuficha hilo. Lakini alisema hapana akiwa ndani, na mshahara wake uko mezani. Wewe uliye Umwe hukulipwa kuivaa. Umeinunua.

Basi hukumu yangu, na naiweka wazi ili atakayeirudi airudi. Kumsusia mwekezaji kwa kuwa hakusajili mshambuliaji ni upuuzi, kwani hiyo ni kazi ya mkutano wa wanachama, na asiye na kadi akate kadi kwanza. Kunyamazia hesabu kwa kumwogopa mwekezaji ni kuitupa amana. Ama kulisusia jina la kamari, mkeka wake na jezi iliyolibeba, hilo halina haja ya mkutano wala ya kadi, wala halimngoji tajiri aje au aondoke. Ni wajibu wa kila mmoja wetu tangu leo, awe wa Msimbazi au wa Jangwani. Na ndilo susio pekee ambalo Umwe ina uwezo wa kulifanya likaumiza mtu, kwa kuwa ndizo fedha pekee ambazo Umwe inazitoa kweli.

Katika madrasa yetu nimekwisha kuwaambia wanafunzi: jezi yenye jina la kamari haingii darasani. Sikuwachania wala sikuwachomea. Mama mmoja alikuja na jezi mbili za wanawe, akachukua kitambaa cheupe akakishonea juu ya jina, nembo ya simba ikabaki. Watoto wanazivaa. Wenzao sasa wanataka vitambaa, na wale wa Yanga wameomba vya kijani.

Yule kijana wa mkeka wa timu kumi na mbili anajua kuandika vizuri. Nimempa kazi ya kuandika barua mbili, moja kwa uongozi wa tawi la Simba na nyingine kwa wenzetu wa tawi la Yanga hapa Ikwiriri, tukitaka ajenda ya mdhamini wa kamari ifikishwe katika mikutano mikuu pamoja na ajenda ya hesabu za mtaji. Barua ya Simba ina nafasi ya namba za kadi, na mpaka ninapoandika haya zimejazwa nne. Ya Yanga ina sita. Zitakuwa mlangoni mwa madrasa kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, na asiye na kadi aje pia, tumwelekeze inavyokatwa.